Biskuti za Kicheche Wangu, Gaffer

Ndugu Mwenyekiti,
Chama cha Wafugaji wa Vicheche, Hagworth, Yorkshire.

Baada ya salamu, na pole kwa mvua iliyoharibu mashindano ya Jumamosi, naomba Chama kiache kabisa kumtumia Dokta Ramsden, yule binti anayetibu mifugo. Nasema hivi kwa heshima zote na kwa hasira kidogo.

Gaffer wangu unamfahamu. Ndiye aliyekuwa akitokeza upande wa pili wa bomba la mashindano wenzake wakiwa bado wananusa mlango. Siku hizi husimama katikati ya sebule akiukodolea ukuta macho, udenda unamtoka, miguu ya nyuma inamwangusha. Dokta alimpima damu, akasema sukari imeshuka. Malalamiko yangu ni haya:

1. Sukari ikipungua kwenye chai, mtu huongeza. Dokta kasema eti nisimpe kitamu hata chembe, kwa kuwa ana uvimbe kwenye kongosho unaomwaga insulini, na utamu unauchochea umwage zaidi. Apewe nyama, kidogo kidogo, kila baada ya saa chache. Asali ni ya kupaka kwenye fizi akizirai tu, kisha nyama upesi akiweza kumeza, na simu kwake. Marehemu baba, mchimba makaa, alilisha vicheche wake mkate na maziwa ya sukari maisha yake yote, na hakuna aliyelalamika. Walikufa mapema, ni kweli, lakini bila kulalamika.

2. Mimi mwenyewe nina kisukari. Nimekatazwa biskuti kwa sababu sukari yangu imepanda. Gaffer kakatazwa biskuti kwa sababu yake imeshuka. Chama kinieleze biskuti zinaokwa kwa ajili ya nani. Hapa nyumbani anazila mke wangu, Brenda, mbele yetu, bila haya.

3. Paja la kuku ni la Gaffer. Mimi napewa kabichi.

4. Juzi nilikuwa stoo nikimpa Gaffer kipande cha biskuti, nami nimekishika kilichobaki kwa meno ili kisianguke. Brenda akaniita kutoka jikoni: "Wilf, weka hiyo chini. Nasikia mnatafuna wawili."

5. Kwa hiyo Chama kipitishe azimio kwamba mwanachama mwenye sukari nyingi na kicheche mwenye sukari kidogo wahesabiwe mwili mmoja, wagawane biskuti nusu kwa nusu, na daktari apelekewe wastani wao. Wastani wetu nina hakika ni mzuri sana.

Nisalimie mkeo, Bi Hilda, na wanachama wote, hata walionizomea mkutano uliopita.

Wako katika ufugaji,
Wilfred Sugden

Nyongeza: Barua hii usiisome mkutanoni. Nilipomaliza kuiandika nilimpa Gaffer biskuti nzima, akarukaruka kama zamani. Baada ya chai nilimkuta amelala ubavu, macho wazi, hanisikii. Brenda alishika simu, mimi nikampaka asali kwenye fizi huku nikimwomba msamaha. Alipoanza kulamba supu ya kuku, nilikaa naye sakafuni. Dokta Ramsden alikuja mwenyewe, akamhudumia mpaka akatulia, wala hakunigombeza. Kisha akanigeukia: "Na wewe mzee, sukari yako umepima lini?" Aliyejibu ni Brenda, naye alikuwa analia.