Rekia Electronics

Jumatatu, 3 Machi 2025

Siku mbaya. Jepchumba amepiga simu kutoka chuoni Chepkoilel, na mama yake akaingia nayo jikoni na kufunga mlango. Mlango wenyewe haufungiki vizuri tangu niutengeneze, kwa hiyo nimesikia yote.

Yeye na Wachira wamekosana. Kijana amekubali kazi Naivasha, kwenye shamba la maua, bila kumwuliza. Jepchumba amesema basi, akaishi na maua yake. Na koito ni mwezi ujao! Watu wa Wachira walikuwa waje kutoka Nyahururu kumposa binti yetu rasmi, ng'ombe watajwe, keki ikatwe. Nimeshawaambia watu wote wa mtaa wetu wa Pioneer, hata wale nisiowapenda. Hasa wale nisiowapenda.

Rael, mke wangu, amesema tuwaache, ni watu wazima. Lakini Rael hana msanii anayemwongoza maishani. Mimi ninaye.

Gikonyo wa Wacera. Nina kaseti yake moja tu, na haijawahi kunitosha wala kunichosha. Ilikuja kibandani ndani ya redio ya mteja. Aliileta Desemba 2007, akasema ataipitia baada ya sikukuu. Halafu zikaja vurugu za uchaguzi wa mwaka ule, akahama na watu wake, hakurudi tena. Redio niliitengeneza hata hivyo. Nilipobonyeza kuijaribu, ikatoka sauti ya mtu mzima aliyechoka, na gitaa, akirudia neno moja: rekia, rekia, mwana wa maitu.

Kikuyu changu ni cha sokoni, cha viazi na kabeji. Mwana wa maitu najua ni mwana wa mama. Na hilo lingine halikuhitaji mkalimani. Rekia. Rekebisha. Kikuyu na Kiswahili ni ndugu, kila mtu anajua. Mwimbaji alikuwa ananiambia mimi, Joash Kimeli, fundi wa redio: rekebisha, mwana wa mama. Nilikaa chini juu ya betri ya gari.

Tangu siku hiyo sijatupa kitu. Wala mtu. Kibanda nikakipa jina Rekia Electronics, nikaandika mwenyewe kwa rangi nyekundu. Wakikuyu wakipita husoma, hutabasamu, kisha huenda kwa Nderitu, jirani yangu anayetengeneza simu. Hilo la mwisho sijalielewa. Lakini tabasamu ni tabasamu.

Koito itakuwepo. Rekia.

Jumanne, 4 Machi

Mpango wa kwanza. Nimeweka simu karibu na redio, nikarekodi wimbo wote, nikamtumia Jepchumba kwa WhatsApp. Amejibu neno moja: Baba. Na nukta mbele yake. Neno lenye nukta si zuri.

Mpango wa pili. Nimempigia kumwambia mama yake ni mgonjwa, aje nyumbani mara moja, nikikusudia Wachira naye awe amefika kwa bahati. Sikujua Rael yuko nyuma yangu na beseni la nguo. Amechukua simu, akamwambia mtoto yeye ni mzima kabisa, ila mimi naweza kuugua wakati wowote kuanzia sasa.

Mchana Nderitu ameweka taa zinazowakawaka kwenye ubao wa duka lake. Ameniambia taa huvuta wateja. Nimemwambia huvuta pia wadudu. Ameangalia ubao wangu, akacheka kidogo, akasema jina langu halihitaji taa. Nilidhani ananisifu, nikamshukuru.

Alhamisi, 6 Machi

Nimempata mtu wa kumalizana naye. Si Jepchumba, ni Wachira mwenyewe! Kosa ni lake, na dawa ni yake.

Wachira ni kijana wa heshima. Mara ya kwanza alipokuja kwetu alikunywa mursik, maziwa yetu ya mgando, kibuyu chote bila kukunja uso, na Rael aliona jinsi macho yake yalivyolengwalengwa na machozi, akampenda hapo hapo. Mimi nilimpenda kwa sababu aliposikia kaseti yangu alisema hata babu yake alikuwa akiipenda. Mtu kama huyo huhitaji maneno mengi? Hahitaji. Anahitaji neno moja, la Kikuyu, lugha ya mama yake, kutoka kwa mkwe.

Nimemwandikia hivi: Wachira kijana wangu, nimesikia yote. Usiogope na usingoje. Rekia. Rekia kabisa, leo leo. Ni mimi Mzee wako Kimeli.

Jibu limechelewa mpaka nikaanza kufikiri bando limeisha. Hatimaye likaja. Amesema amenielewa. Amesema hakutarajia niseme wazi hivyo, lakini ananiheshimu, na atafanya kama nilivyosema ingawa ni vigumu.

Ni vigumu! Bila shaka ni vigumu. Kuomba msamaha si kumenya ndizi. Nimenunua nyama. Rael ameniuliza tunasherehekea nini. Nimemwambia atajua mwisho wa wiki.

Jumamosi, 8 Machi

Amejua.

Jepchumba amekuja na boda, ameshuka akiwa na mfuko mikononi. Ndani kulikuwa na sweta yake, vitabu vyake, na kikombe alichomnunulia Wachira. Vyote vimerudishwa. Wachira alimpelekea jana kwenye geti la chuo, akamwambia hataki kuwa mzigo kwake tena, na kwamba hata baba yake ameagiza waachane.

Nimesema huo ni uongo. Jepchumba akanionyesha simu yake. Ujumbe wangu ulikuwa umetumwa kwake, neno kwa neno, na jina langu chini. Nimesema sasa mnaona, nimemwambia arekebishe. Jepchumba ameniuliza, kwa sauti ndogo kabisa, kama nimewahi kumwuliza mtu yeyote maana ya rekia.

Nimetoka mbio kwa Nderitu. Nimemkuta na Njeri, mke wake, wakipanga vifuniko vya simu. Nimeuliza. Nderitu amecheka mpaka akashika kaunta. Amesema rekia ni achilia, kama vile kuachilia kitu ulichokishika. Amesema Wakikuyu husoma ubao wangu na kuona fundi anawashauri waisahau tu hiyo redio. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia miaka yote hii. Akasema alidhani ni mzaha wangu. Nani huita duka jina la lugha asiyoijua? Nimemwambia nusu ya maduka ya Eldoret yana majina ya Kiingereza. Hapo amerudi kwenye vifuniko vyake.

Njeri hakucheka. Amenifasiria wimbo mzima polepole, kama anayemsomea mgonjwa. Ni mtu anamwimbia ndugu yake aliyepoteza kila kitu na bado anakishikilia. Anamwambia achilia, mwana wa mama, mkono uliofunga ngumi haupokei kitu.

Wimbo ni mzuri sana. Nimeumia zaidi kwa sababu ni mzuri.

Nimerudi nyumbani. Jepchumba alikuwa amelala kwenye kitanda chake cha zamani akiwa na viatu. Nimesimama mlangoni, nikasema nitampigia Wachira sasa hivi nimweleze. Ameniomba nisimpigie. Amesema nikigusa tena jambo lake, hata kwa kidole, hatarudi nyumbani hapa mpaka amalize chuo, na pengine hata baadaye. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Jumapili, 9 Machi

Sikwenda kanisani. Nimekaa kibandani, mlango nusu, nikiitazama ile redio.

Nimekuwa nikiishi kwa neno ambalo halikuwepo. Pasi ya mama mkwe, niliitengeneza mara saba kwa sababu ya Gikonyo wa Wacera, na yeye alikuwa ananiambia niitupe. Redio hii naibadilishia betri na kuifuta vumbi, nikimngoja yule mteja atokee barabarani na kusema, fundi, nimerudi. Ndani ya redio yake mwenyewe mtu alikuwa akimwimbia aachilie. Pengine alitii. Pengine yuko mahali fulani, ameachilia redio, nyumba na Eldoret yote, na analala vizuri. Mimi ndiye nimebaki nimemshikia vitu.

Halafu nimekumbuka la Rael.

Jepchumba alikuwa mdogo. Nilikuwa nimeitengeneza cherehani ya Rael, aliyoitegemea kwa kazi, na baada ya hapo haikushona tena kitu duniani. Haikuwa cherehani peke yake, ilikuwa cherehani juu ya mambo mengine. Alichukua mtoto, akaenda kwao Sugoi. Ndugu zangu walisema nimwache, wanawake ni wengi. Nilikuwa karibu kukubali. Kisha nikabonyeza redio, na Gikonyo akasema rekia. Kesho yake nikaibeba redio mpaka Sugoi, nikasimama kwenye boma la mkwe wangu, nikaupiga wimbo ule mbele ya watu wote, sauti juu. Rael alitoka jikoni, akasikiliza, akacheka, akafunga mizigo.

Kama ningekijua Kikuyu, ningekaa nyumbani.

Jioni nimemweleza Rael hayo. Nimemwambia ndoa yetu imejengwa juu ya kosa la tafsiri. Alikuwa anachambua maharage. Amesema anajua.

Nimeuliza anajua nini. Amesema anajua maana ya rekia tangu utotoni. Alicheza na watoto wa Kikuyu shambani, wakivuta kamba na kupigiana kelele rekia, rekia. Alijua siku ile ile Sugoi. Amesema alikuwa ameshaamua kutorudi. Halafu akaona mwanamume amebeba redio kubwa kwenye matope, amevaa koti la harusi, anamwimbia mke wake wimbo wa kuachilia huku akilia ili arudi. Akasema moyoni, mtu huyu hawezi kumdanganya mtu yeyote. Ndipo akafunga mizigo.

Nimemwuliza kwa nini hakuniambia miaka yote hii. Amesema nilikuwa nikiishi nalo vizuri. Na kwamba kama ningelijua, ningetafuta wimbo mwingine wa kuniambia kile nilichokuwa nimeshaamua kufanya.

Wazo hilo limenikaa kifuani. Kwamba mimi sikufundishwa na Gikonyo kutoachilia. Mimi ni mtu asiyeachilia, nikatafuta sauti nzuri inikubalie. Sasa yeye amenipa nini? Nafikiri amenipa ujasiri. Mtu akikubeba kwa sauti kama ile, unakwenda hata Sugoi kwenye matope. Hakuwa ananionyesha njia. Alikuwa ananisindikiza tu, akiimba mambo yake.

Nimewaza hivyo mpaka maharage yakaiva.

Jumatano, 12 Machi

Sijafanya chochote. Naandika hapa ili ijulikane. Tangu Jumapili sijagusa jambo la Jepchumba hata kwa kidole. Nimekaa juu ya mikono yangu, kwa kweli kabisa, kwenye ile betri. Nderitu ameniuliza kama nina ugonjwa.

Na leo Jepchumba amempigia mama yake, na mlango wa jikoni, Mungu aubariki, bado haufungiki.

Amesema ilibidi ampigie Wachira amweleze baba yake ni mtu wa namna gani. Maelezo yalichukua muda. Walianza na ubao wa duka, wakaja kwenye redio, wakafika Sugoi, na walipofika kwenye koti la harusi Wachira alikuwa anacheka na kulia. Kijana amesema alikuwa amejiandaa kwenda kumwomba msamaha Alhamisi ile ile, alikuwa ameshavaa viatu, ndipo ujumbe wangu ukaingia. Baada ya hapo wakazungumza ya Naivasha, wenyewe, bila mtu. Kijana ataomba aanze baada ya Jepchumba kumaliza masomo. Waajiri wakikataa, wawili hao watakaa tena chini waangalie.

Koito iko palepale.

Rael amerudi sebuleni na kunikuta nimesimama karibu sana na mlango. Nimemwambia naona nimejifunza, kuna mambo ya kuachilia. Amesema vizuri, Baba Jepchumba. Macho yake hayakusema vizuri.

Jumapili, 16 Machi

Siku njema! Nimeukwangua ubao wa duka. Nderitu alisikitika, alikuwa ameuzoea. Nimeandika Kimeli Electronics, jina lisilo na makosa. Redio ya yule mteja nimeitoa rafuni. Nilitaka kuigawa, kama wimbo unavyosema. Nikaona kwanza niisafishe ndani.

Kumbe upande wa pili wa kaseti! Miaka yote mkanda wake ulikuwa umekwama, sikuwahi kuusikia. Nimeunyoosha kwa kalamu, polepole, nikabonyeza. Gikonyo wa Wacera, sauti ile ile, gitaa lile lile, wimbo mpya kabisa. Nimelia bila aibu. Na kiitikio ni neno moja, analirudia kwa huzuni tamu: tiganai, tiganai, ciana cia maitu. Hayo ya mwisho ni wana wa mama, hilo nimelijua mara moja.

Tiganai. Sikuhitaji kumsumbua Njeri. Kila mwenye masikio anasikia: tegemeaneni. Kikuyu na Kiswahili ni ndugu.

Ni ujumbe wa vijana wangu, umengoja ndani ya redio hii mpaka wakati wake. Nimeamua utaandikwa juu ya keki ya koito, kwa sukari nyekundu, herufi kubwa, na wimbo upigwe sauti juu wazee wa Nyahururu wakiingia: WACHIRA NA JEPCHUMBA, TIGANAI. Watashangaa kuona mkwe Mkalenjin anavyokijua Kikuyu chao.

Nimemwonyesha Rael maandishi. Amekaa chini kwenye ndoo, akaficha uso kwa leso, mabega yakitikisika. Nimemwuliza kama ameyapenda. Amesema sana, na kwamba alicheka vivyo hivyo siku ile kule Sugoi. Kisha amenishika mkono na kuniomba kitu kimoja tu, kwamba mambo ya keki nimwachie yeye. Amesema vijana wameshaambiwa waachane mara moja, inatosha.

Nimemwachia. Lakini redio nitaibeba mwenyewe.