Hotuba ya Chifu Theuri Siku ya Kufungua Kliniki ya Ngozi ya Kiarugu-ini

Mheshimiwa Bwana Mbuvi, Afisa kutoka wilayani, uliyetufikia kwa Land Rover, dereva na faili, mheshimiwa dereva, mwenyekiti wa kamati ya kituo cha chai, makamu wake, ambaye nafurahi kuona ameketishwa mbali naye, mapasta wa madhehebu yote, pamoja na yule aliyenitaja kwa jina Jumapili iliyopita, Headmasta, Sista Phelister Khavere wa zahanati yetu, aliyetuletea ujuzi wake kutoka Maragoli, mke wangu Mama Ngatia, wazee wa vijiji, kina mama wa vikundi, na nyinyi vijana mlioketi juu ya ua wa mtu, shukeni: hamjambo? (Hatujambo.) Hamjambo tena? (Hatujambo, kwa uchovu.)

Mimi Simeon Theuri, Chifu wa Lokesheni hii kwa mwaka wa kumi na moja mfululizo, mtu ambaye kama si unyenyekevu wake angekuwa amefika mbali sana, niko na furaha isiyopimika kusimama hapa leo, mwezi huu wa Mei mwaka wa sabini na tisa, kuzindua Mradi wa Ukarabati wa Ngozi Iliyoharibiwa na Krimu, Fezi ya Kwanza. (Makofi ya wazee wawili.) Kuna watu wamekuwa wakiuliza ati kwa nini Chifu hajaonekana barazani miezi kumi na moja. Jibu ni kwamba Chifu alikuwa fildi. (Vicheko.) Sijui mnacheka nini. Kila mwezi nilituma wilayani ripoti ya progress yenye jedwali, na Bwana Mbuvi, ambaye ni mtu wa kufuatilia, amekuja kuona kwa macho yake, akaniambia asubuhi hii kwa lugha safi kabisa kwamba asipoliona jengo leo, Jumatatu nipeleke magwanda na fimbo ya serikali ofisini kwake. Hiyo ndiyo tunaita accountability, na mimi naiunga mkono kwa jumla.

Sasa, kwa manufaa ya wasiosoma ripoti, tatizo lilianzaje? Uchunguzi wa kina ulibaini kwamba afisa mmoja wa serikali, ambaye itifaki hainiruhusu kumtaja (Mtaje), alitokwa na vipele shingoni kwa sababu ya kola ya magwanda kupigwa wanga kupita kiasi. (Mama Ngatia anatazama pembeni.) Badala ya kumwona Sista, afisa huyo alikwenda Kutus kwa mfanyabiashara aitwaye Moffat, akauziwa tyubu ndogo ya dawa kali ya ngozi, ile ya kuandikiwa na daktari, na vipele vikaisha kwa siku tatu. Mtu mwenye akili angeishia hapo. Huyu akaona shingo imependeza kuliko uso, akapaka uso. Akapaka kila baraza, kila harusi, kila akisikia mpiga picha amefika Othaya, kwa muda wa miaka minne, hadi ngozi ikawa nyembamba kama ganda la kitunguu, na siku tyubu zilipokosekana uso ukawaka moto kana kwamba umepakwa pilipili. Hapo ndipo Sista Khavere alipotoa mwongozo wa kitaalamu kwamba ngozi imezoea dawa, haiwezi kujitegemea, na kwamba itabidi aiache hata kama italia. Nanukuu: "Chifu, wacha kujidanganya." Mwisho wa kunukuu.

Takwimu zinajieleza. Mwezi wa kwanza, asilimia mia moja ya wagonjwa waliosajiliwa walikuwa wekundu, wamevimba macho, na wakali kwa wake zao. Mwezi wa tatu, asilimia mia moja walitoa maji usoni, wakakataa kufunguliwa dirisha. Mwezi wa tano walibambuka. Mwezi wa saba, asilimia hamsini walipata nafuu, upande wa kushoto. (Vicheko virefu.) Nimesema takwimu zinajieleza, hazihitaji msaada wenu. Na kufikia mwezi uliopita, asilimia mia moja wanalala usingizi, wananyoa ndevu bila kulia, na wamekuwa weusi vizuri kama walivyozaliwa. Nani ameona wilaya nyingine ikipata mia kwa mia?

Kuhusu jengo lenyewe. Jengo lina vyumba kumi na viwili, veranda, na tangi la maji la kisasa. Liko ng'ambo ya mto. Kama mnavyojua, mvua ilibeba daraja wiki iliyopita, kwa hiyo kamati ya itifaki imeonelea tukate utepe tukiwa upande huu, kiutawala. (Bwana Mbuvi anatazama matope, anatazama viatu vyake, anatikisa kichwa kukubali na kuanza kufunga faili.) Nashukuru sana kwa uelewano huo. Basi, nikielekea kumalizia—

(Mama mmoja anasimama nyuma, amejifunika leso usoni. Anasema: "Chifu, mimi ni Kagure, nimetoka Kutus. Nilisikia hapa iko kliniki ya hii maneno. Nimewacha krimu wiki sita na nimeungua. Nionyeshe pa kuvukia, hata kama ni gogo.")

Mama, ajenda haina kipengele cha maswali. Ukipitia kwa mzee wa kijiji, halafu kwa sabchifu...

("Kama sivuki, narudia tyubu. Iko hapa kwa kiondo. Jumamosi msichana wangu anaolewa, na sitaki wakwe waone hii uso. Nikipaka leo, kesho niko sawa." Anashusha leso.)

Ngoja. Usipake. Mama Kagure, ngoja kwanza, weka chini hicho kiondo.

Bwana Mbuvi, nakuomba ufungue faili tena. Nimekuogopa tangu asubuhi, hata chai haikuteremka, lakini hiyo tyubu naiogopa zaidi, na siwezi kumwacha huyu mama arudi nayo Kutus. Kwa hiyo naruka kurasa nne, naenda kwenye shukrani.

Namshukuru mkandarasi kwa kutojenga chochote ng'ambo ya mto, maana hakuna aliyemwita. Naishukuru Kamati Ndogo ya Ufundi, yenye wanachama tisa, ambayo haijawahi kukutana kwa sababu niliiunda juzi jioni nikiwa nanyoa. Namshukuru Mama Ngatia, ambaye kila asubuhi alikung'uta shuka zilizojaa magamba yangu na hakusema kitu, isipokuwa mara moja, na alikuwa na haki. Namshukuru Sista Khavere kwa mafuta meupe ya mgando yasiyo na harufu, kwa maji vuguvugu, na kwa kunikaripia mbele ya wagonjwa wengine wa zahanati. Mgonjwa wa mradi alikuwa mmoja, na ndiye anayewahutubia. Mama, sogea uone. Huu uso mwaka jana ulikuwa kama wako, tena mbaya zaidi. Uliponiwaka nilitaka kurudia, nikalia kama mtoto, sikurudia. Jumamosi nenda harusini hivyo hivyo. Wakwe wakikutazama sana, waambie Chifu wa Kiarugu-ini alikuwa mbaya kukushinda. (Vicheko. Kagure naye anacheka, anashika shavu kwa maumivu.)

Nikisema krimu, mnasema iachwe. Krimu! (Iachwe.) Moffat! (Aachwe.) Sikusema hivyo, lakini sawa.

(Kagure anapita katikati ya watu na kuiweka tyubu juu ya meza ya wageni. Sista Khavere anasimama na kumshika mkono.)

Asante, mama. Nyumba yangu ni ile ya mabati mekundu, jikoni kuna benchi na uji. Sista atakuona kila Jumanne, na mimi nitakuwepo, maana nitakuwa na nafasi. Bwana Mbuvi, magwanda nitaleta Jumatatu yakiwa yamefuliwa. Lakini kama wino haujakauka, rekebisha hapo kwenye jedwali: wagonjwa ni wawili.