Ungo wa Bei ya Mahindi

Elisante alikuwa na kipaji kimoja ambacho shule haikukigundua: aliweza kusikiliza meza tatu kwa wakati mmoja huku anakunywa supu. Asubuhi ile, katika mgahawa wa Mama Violeth pale Kibaigwa, kando ya barabara kuu ya kwenda Dar, meza zote tatu zilikuwa za madalali wa mahindi, na zote zilikuwa zinadanganyana. Ya kwanza ilisema Lubumbashi gunia limepanda. Ya pili ilisema Lubumbashi hawataki mahindi kabisa, mwaka huu wamevuna yao. Kwenye ya tatu alikaa Lameck, dalali mwenye simu nne, ambaye alisema ameongea na dereva aliyetoka huko jana. Alipoulizwa dereva amesemaje, akajibu kwamba hilo ni baina yake na dereva.

Elisante akaweka kijiko chini. Watu wote hawa wana fedha mfukoni, akawaza, na hakuna hata mmoja anayejua bei.

Tumtendee haki. Hakuzaliwa tapeli. Huko Ihumwa, alikopanga chumba karibu na reli, alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni ungo wa satelaiti. Aliununua wa mtumba, akaufunga kama ulivyo kwenye picha ya boksi la king'amuzi, umeinama kistaarabu kuelekea relini, kisha akakaa wiki mbili anasoma maandishi ya kumwambia hakuna mawimbi. Picha ile ilipigwa kwenye nchi za baridi, ambako satelaiti huonekana chini, juu kidogo ya mapaa ya watu. Dodoma satelaiti zimekaa karibu na utosi. Siku alipolielewa hilo aliulaza ungo chali kama karai linalongoja mvua, akauegemeza kidogo upande wa Singida, akawa anausogeza nusu kidole, anakimbia ndani kutazama asilimia, anarudi nje, nusu kidole tena. Jioni zikaingia chaneli arobaini za Kiarabu, zote za bure. Hakuelewa neno hata moja, lakini machozi yalimtoka, maana alikuwa amezikamata mwenyewe.

Tangu siku hiyo alitaka kitu kimoja duniani: fremu ya duka pale Majengo, mjini Dodoma, auze nyungo na kuwafungia watu. Fremu yenyewe ilikuwepo. Mwenye nayo, Mama Dorothea, alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, milioni moja na laki mbili, na alikuwa amempa mpaka Jumamosi ya wiki ya pili. Baada ya hapo angempa mtu mwingine yeyote mwenye hela. Elisante alikuwa na nauli.

Alikuwa pia na kumbukumbu nzuri, na ndani yake ilikuwemo chaneli moja kati ya zile arobaini, ambayo chini ya kioo ilipitisha mstari wa namba usiku na mchana, nyingine za kijani, nyingine nyekundu.

"Shikamoo mama," alimwambia Violeth wakati analipa.

"Marahaba. Supu na chapati mbili, elfu nne."

"Hii televisheni yako huwa inaonyesha nini?"

"Tamthilia."

"Ingeonyesha bei ya mahindi ya Lubumbashi, ya Nairobi na ya Juba, kila siku alfajiri kabla soko halijafunguliwa, ungeniachia hicho chumba cha nyuma?"

Violeth alikuwa mwanamke mpana, mwenye mgahawa mbele na stoo ya mahindi nyuma, na hakuwahi kuachia kitu. Akamtazama kijana kuanzia viatu. "Wewe ni wa serikali?"

"Mimi ni mtu wa satelaiti, mama."

Jibu hilo halikuwa na maana yoyote, ndiyo sababu lilifanya kazi. Kesho yake Elisante alirudi na ungo wake umefungwa juu ya basi, akapanda bati la Violeth na spana namba kumi, akaulaza chali, akauegemeza upande wa Singida. Wapita njia walisimama wakamshauri kwamba ameukosea, kwamba ungo hauangalii mbinguni namna hiyo. Aliwajibu kwa upole kwamba mbinguni ndiko kuliko na bei.

Tatizo lilikuwa moja. Juu ya ule mstari wa namba kulikuwa na picha, na picha hiyo ilikuwa ya mwanamke anayepapasa mazulia. Chaneli ile ilikuwa duka. Elisante akaomba kanga ya Violeth, iliyoandikwa RIZIKI HAIVUTWI KWA KAMBA, akaining'iniza juu ya televisheni mpaka ukabaki mstari peke yake.

"Na huko juu kuna nini?" akauliza Violeth.

"Matangazo, mama. Wanayaweka makusudi, kuwachanganya wageni wasione bei."

Violeth akatikisa kichwa kwa uchungu. Siku zote alijua wageni wanafichwa kitu.

Kiingilio kilikuwa buku tano, yaani shilingi elfu tano, na kila dalali aliambiwa peke yake, kwa siri, kwamba ni yeye tu. Asubuhi ya kwanza walifika kumi na wawili, wakatazamana. Elisante alisimama kando ya televisheni na fimbo ya ufagio, akasoma kwa sauti ya mtu wa taarifa ya habari: "Lubumbashi, juu. Nairobi, imesimama. Juba, juu kidogo."

"Mbona namba zenyewe si namba?" akauliza Lameck.

"Ni namba za Kiarabu, kaka. Namba zilianzia kwao. Hizi zetu ni nakala."

"Na wewe Kiarabu umesomea wapi?"

"Nilikaa Zanzibar."

Alikaa Zanzibar siku tatu, kwenye msiba, na mbili kati ya hizo aliumwa tumbo.

Utauliza, katika mji ambao nusu ya wafanyabiashara wake wanatoka Kondoa na Chemba, hakukuwa na hata mmoja aliyepita madrasa? Walikuwepo watatu. Lakini mtu aliyelipa buku tano aoneshwe siri, tena akiwa amezungukwa na wenzake wanaotikisa vichwa kwa busara, hapendi kuwa wa kwanza kusema haioni. Wawili kati ya watatu hao wakajiambia wamesahau. Wa tatu alikuwa mzee Abdulwahab.

Huyu alikuwa Msandawe wa upande wa Chemba, mkimya, mwenye kofia iliyofifia na stoo yenye magunia mia mbili ambayo hayakuwa yameuzika tangu mavuno. Alikaa nyuma kabisa, juu ya kreti la soda. Kila asubuhi alilipa buku tano yake bila kuomba kupunguziwa, akautazama ule mstari kwa makini nusu saa nzima, na mara mojamoja akawa anaitikia kwa kichwa. Elisante alimpenda kuliko wateja wote.

Kisha likatokea jambo ambalo Elisante hakulipanga. Madalali walikuwa wakitoka kwenye kile chumba mmojammoja, kila mmoja amekunja uso wa huzuni ili wenzake wadhani hakuna kitu, halafu wote wanakwenda kununua. Gunia likatoka elfu hamsini likafika sitini na tano. Wakulima wa Haneti waliofika wiki hiyo na mizigo yao waliuza kabla hawajashuka kwenye lori, wakarudi kwao wamevaa miwani mipya. Gunia likafika themanini. Chumba cha nyuma kikajaa mpaka watu wakasimama dirishani, na dirishani nako ni buku tano.

"Ungo haukosei," Lameck aliwaambia watu, akiwa amenunua simu ya tano.

Alhamisi, siku ya tisa, bei ikagonga tisini, na ndani ya bahasha ya kaki chini ya godoro la gesti, Elisante alihesabu milioni moja na laki mbili kamili. Alichotakiwa kufanya kilikuwa kupanda basi. Hata mbuzi angepanda basi.

Lakini alikuwa amesoma bei kwa siku tisa kwa sauti ya uhakika, na binadamu husikia anachokisema. Alijua kabisa kwamba Lubumbashi ni uongo wake. Alijua pia, kwa macho yake, kwamba kila alichosema kilitokea. Gunia likifika laki na ishirini Jumamosi asubuhi, aliwaza, nitalipa kodi na itabaki ya kabati la kioo na ya mtu wa kunichorea jina mlangoni. Akatoka kutafuta mahindi, akakuta stoo zote zimefungwa na wenyewe wamekaa mlangoni wanangoja yapande. Akaenda kwa mzee.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu."

"Nasikia una mahindi."

"Nilikuwa nayo. Yamebaki magunia kumi na matatu, nayo si ya kuuza."

"Nitakupa tisini mzee wangu, taslimu."

"Wewe ndiye unayesoma bei," alisema Abdulwahab kwa masikitiko. "Nikikuuzia leo, kesho si nitalia?"

Hapo Elisante akafanya kosa la watu wenye maneno matamu, akasema ukweli. Mdomo uliponza kichwa. Alimweleza mzee yote: fremu, mtaa gani, iko karibu na nini, Mama Dorothea na namba yake ya simu, mwisho Jumamosi. Alieleza jinsi ungo unavyolala chali, na jinsi atakavyowafundisha watu bure wakinunua kwake. Safari hii hakuwa anaigiza. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoa simu, akazungumza na nyumbani kwao kwa Kisandawe, lugha ile yenye midoko ya ulimi, na Elisante akasimama pale kama mtu anayesubiri hukumu asiyoielewa.

"Mke wangu amekataa," alisema mzee alipokata simu. "Nimemwambia ni kijana mwenye malengo. Amekubali."

Jioni ile bahasha ya kaki ikahamia kwa mzee, na Elisante akabakiwa na elfu thelathini.

Ijumaa alfajiri chumba kilifurika. Elisante alivuta pumzi, akanyanyua fimbo ya ufagio. "Lubumbashi," akasema, "laki moja na ishirini!"

Watu walishangilia. Viti vilianguka. Nyuma kabisa mkono ukanyooka.

"Samahani mwalimu," alisema Abdulwahab. "Leo macho yangu hayana nguvu. Naomba nisogee."

Akapita katikati ya watu, akaomba radhi kila alipokanyaga mguu, akafika mbele na kuiondoa kanga. Akaikunja vizuri, mara nne, akamkabidhi Violeth. Kwenye kioo, mwanamke mwenye mtandio wa bluu alikuwa anapapasa zulia jekundu kwa mapenzi makubwa.

Waliokuwa dirishani wakaingiza vichwa.

"Futi sita kwa tisa," mzee akasoma, kidole kikifuata mstari kutoka kulia kwenda kushoto. "Halichuji rangi. Ukinunua mawili unapewa la mlangoni bure. Hizi za kijani ni namba za simu. Hizi nyekundu ni za simu pia, ila ni za jioni."

Lameck akasukuma watu akafika mbele. "Mzee, umejua tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Niliuza mazulia Kariakoo miaka saba."

"Na ukanyamaza?"

"Nilidhani wote tunatazama mazulia. Niliona buku tano ni nyingi, lakini kila mtu na starehe yake."

Lameck alitaka polisi. Violeth akamuuliza polisi wataelezwa nini, kwamba watu wazima arobaini wamelipa kutazama kanga? Walijadiliana kwa muda, wakagundua kwamba mahindi waliyouziana kwa bei ya kichaa waliuziana wao kwa wao, na kwamba kati yao aliyeuza bila kununua alikuwa mmoja tu, naye alikuwa ameshaondoka na basi la saa mbili. Wakataifisha ungo, ukabaki juu ya bati la Violeth kwa ajili ya mpira. Elisante hakupinga. Aliomba tu wasiusogeze, maana umeshakaa vizuri.

Saa tisa alasiri gunia lilikuwa elfu arobaini na mbili, na hakukuwa na mnunuzi.

Elisante alikaa Kibaigwa wiki tatu, anauza magunia yake kumi na matatu mojamoja kwa akina mama wa vibanda vya uji. Alipomaliza alirudi Dodoma, akaenda moja kwa moja Majengo. Alijua Jumamosi imepita. Alitaka tu kumwomba Mama Dorothea, kwa magoti ikibidi, amsubiri mwezi mmoja.

Fremu ilikuwa wazi. Mama Dorothea alikuwa amekaa nje kwenye kiti cha plastiki, anakunywa soda.

"Aah, Elisante! Asante sana mwanangu kwa kuniletea mpangaji. Alikuja Ijumaa ileile, akalipa miezi sita bila kubishana. Alisema wewe ndiye uliyemwelekeza."

Ndani, ukuta kwa ukuta, yalisimama mazulia yaliyoviringishwa. Jekundu moja lilikuwa limetandikwa sakafuni, futi sita kwa tisa. Mzee Abdulwahab alikuwa amekaa katikati yake, kofia ileile, anakula karanga.

Elisante alisimama kizingitini. Aliyahesabu mazulia kwa macho, safu kwa safu.

"Shikamoo mzee," alisema.

"Marahaba, mwalimu. Nilikuwa nakungoja." Mzee akasogeza karanga pembeni. "Bidhaa ninaijua, ila kuzungumza siwezi. Watu wanaingia, wananiangalia, wanatoka. Nahitaji mtu anayeweza kusimama mbele ya zulia akawaambia chochote."

"Mshahara?"

Mzee akautaja. Haukuwa mkubwa. Elisante alitazama kuta nne alizozipanga kichwani kwa mwaka mzima, akaona mahali ambapo kabati la kioo lingekaa, na mahali pa king'amuzi, na ile pembe yenye dirisha ambako waya wa kwenda juu ya bati ungepita bila kutoboa ukuta. Hesabu zake zote zilikuwa sahihi. Nyuma yake alisikia hatua za mteja, mama mmoja na mumewe, wanachungulia.

"Vua viatu kwanza," alisema mzee. "Hili la chini ni la kuuza."

Elisante akavua viatu, akaingia.