Kisanduku cha Mashine Kwenye Migomba Yangu

Jumatatu, 3 Machi 2025
Mvua. Anyosisye kapita tena na lile koti lake la Jumapili. Jirani yangu huyu, tangu ushirika umfungie kisanduku cha kupima joto na mvua katikati ya migomba yake, hasalimii tena, anabariki. Eti kompyuta ya ushirika inajifunza kwake, halafu inatutumia sote ujumbe kwenye simu: pulizieni dawa, subirini, vuneni. Watu wanamwita Mwalimu. Mwalimu! Migomba yake mbuzi anaivuka. Yangu mikungu inavunja miti ya kuegemezea. Kama mashine ina akili, lazima inachota na kwangu. Wananificha tu.

Jumanne, 4 Machi
Nimekwenda ofisini kuhakikisha. Anayejua kuiuliza mashine ni Ikupa, mke wa mwanangu. Anaiandikia amri, inamjibu mipangilio yake yote: inachota taarifa shamba la nani, inachota nini, kila baada ya muda gani. Shida moja. Sisi Wanyakyusa, baba mkwe na mkamwana hawatazamani wala hawasemeshani. Wengine wameacha. Mimi niache? Kuniona tu, Ikupa kaingia chini ya meza. Binti ana adabu! Nikasimama nje, nikaupa mlango mgongo, nikatafuta mtu wa kunipelekea maneno. Nani yupo? Anyosisye, anachaji simu.
Kaingia, katoka, meno yote nje. Akasema, ndaga, asante mzee mwenzangu, chanzo ni kimoja tu, shamba langu, kila saa.
Hiyo "kila saa" nani alimuuliza?

Jumatano, 5 Machi
Sikulala. Kila saa! Nimembana mwenyekiti wa ushirika, Mama Atupakisye, mpaka kachoka na mimi. Nimepewa kisanduku cha pili! Akasisitiza kikae nje, shambani. Nje? Cha Anyosisye kinalowa kama mbwa asiye na mwenyewe. Changu nimekivika skafu yangu ya kanisani, nikakitundika jikoni juu ya mafiga. Mashine ikija kuchota ijue imefika kwa mtu.

Ijumaa, 7 Machi
Ujumbe umeingia simu zote za kijiji chetu, Mpuguso: joto kali, ardhi kavu, mwagilieni migomba. Na mvua hii, kuku wanaogelea! Mkutano wa ghafla. Wakamtaka Ikupa aivute mipangilio hadharani, ijulikane mashine imelishwa na nani. Kwa heshima yangu akakaa nyuma ya kitenge. Akasoma: chanzo cha kwanza, shamba la Anyosisye. Chanzo cha pili, kimeongezwa juzi, shamba la...
Akakomea hapo. Mkamwana hatamki jina la baba mkwe. Nikamshukuru Mungu kwa mila zetu! Mama Atupakisye akamhimiza, soma mwanangu. Vichwa vikaanza kunigeukia, kimoja kimoja. Binti ana baba mkwe mmoja tu.
Ilitosha. Lakini Anyosisye akavaa miwani, akachungulia nyuma ya kitenge, akasoma kwa sauti ya kwaya: "Geresoni!" Mmoja akauliza kwangu ni shamba au tanuri.

Jumamosi, 8 Machi
Nimetafakari. Wivu wa Anyosisye sasa uko wazi. Jina lake lilisomwa na mwanamke, polepole. Langu limesomwa na mwanamume, likasikika mpaka barabarani. Nani mkubwa?
Mama Atupakisye kaja mwenyewe asubuhi, hakukaa hata kwenye kigoda. Kisanduku kitoke jikoni leo hii, la sivyo anakichukua. Nimetii. Kiko katikati ya migomba, kila mpita njia anakiona.
Nimekifungia mwavuli.