Lenzi Iliyokula Pikipiki Yangu

Jumatatu, 18 Agosti

Lenzi imefika na basi la Dar. Pikipiki imekwenda kwa mnunuzi, lenzi imekuja. Leticia ameuliza kama kutoka hapa nyumbani Mshangano mpaka studio Mfaranyaki sasa nitakuwa napanda lenzi. Nimemwambia mke wangu, subiri, utakuja kuniheshimu. Akasema haya, akaendelea kupepeta mahindi.

Nzito, inajaa kiganja. Mbele ina kioo cha kinga, na juu ya kioo kuna nailoni ya kiwandani, nyembamba, imebana mpaka huioni usipoigeuzia mwanga. Hiyo haitoki. Kitu kipya hakivuliwi nailoni. Rimoti ya runinga yetu ina miaka saba na vitufe bado vinang'aa. Makochi ya Mzee Makarius yamo kwenye nailoni tangu alipomwoza binti yake wa kwanza, na binti ana watoto watatu. Siku nikitaka kuuza lenzi hii, mnunuzi ataikuta kama ilivyotoka dukani, na mdomo wa kupunguza bei hatafungua.

Huyo Mzee Makarius ndiye mwenyekiti wa kamati ya kipaimara. Jumapili Askofu anakuja parokiani. Watoto tisini na sita, mpiga picha mmoja. Ni mimi au Remmy, mwenye kamera iliyofungwa solotepu ubavuni. Na kati ya hao tisini na sita yumo Getruda wangu. Mimi baba mwenye studio, halafu binti yangu apigwe picha na Remmy? Haiwezekani. Ijumaa tunapeleka sampuli. Nimeshashinda.

Jumanne, 19 Agosti

Sijaelewa.

Nimempiga Getruda picha arobaini na gauni lake jeupe. Zote zina ukungu. Siyo ule wa kutikisika, ambapo mtu anavutika upande mmoja. Huu umeenea sawasawa, kama mtu kapumulia picha. Getruda amezitazama, akauliza kwa adabu kama huyo ni yeye au ni binamu yake.

Nimefikiri. Nimetembea kwa miguu mpaka studio, kwa hiyo mikono imechoka, kwa hiyo inatetemeka. Hoja imekaa sawa kabisa. Nimekata mianzi mitatu nyuma ya nyumba, nikaifunga kamba, nikapata stendi. Nimeweka kamera juu, nikabonyeza kwa kijiti ili hata kidole kisiguse. Leticia amechungulia mlangoni, akarudi kwenye mahindi yake.

Ukungu uleule. Lakini umetulia.

Jumatano, 20 Agosti

Nimekwenda kwa Muhsini, fundi simu jirani na studio. Mtu wa Tunduru, mpole, ana subira ya kutosha kijiji kizima. Amenifundisha kupima. Bandika gazeti ukutani, simama palepale, badilisha kitu kimoja kimoja. Tumeanza na lenzi yangu ya zamani. Tumesoma mpaka matangazo ya vifo. Tumeweka mpya. Tumesoma kichwa cha habari, tena kwa kukisia. Tumebana tundu la lenzi, hakuna mabadiliko. Tumezima fokasi ya mashine nikazungusha kwa mkono, hakuna.

Muhsini akasema basi, kwa uwezo wa Mungu tumejua, tatizo liko kwenye lenzi. Akaomba aishike aiangalie kwa mbele. Nikaiweka kifuani. Kila mtu mjini hapa anataka kuigusa. Akauliza tu, huku akiinamisha kichwa, ni nini kinachometameta hapo mbele. Nimemwambia huo ndio ubora wake. Akasema inshallah, akarudi kwenye simu zake.

Kama lenzi ni nzuri, na kamera ni nzima, na stendi ni imara, kimebaki nini? Nimebaki mimi. Wazo hili limeniharibia chakula cha jioni.

Alhamisi, 21 Agosti

Macho! Kwa nini sikuliona hili mapema? (Nadhani jibu limo ndani ya swali.)

Nimenunua miwani kwa machinga sokoni. Alinipa ya kwanza, nikaona vizuri. Nikamwambia nataka yenye nguvu zaidi, mimi ni mtaalamu. Nilipotoka hapo nimemwamkia kijana wa bodaboda shikamoo. Ameitikia marahaba, tena bila haya.

Picha zimezidi kuharibika. Sasa hata nisipopiga naona ukungu.

Mchana nimepata fikra nyingine. Agosti ni vumbi, na Mfaranyaki yote ni vumbi, huenda picha zangu ni safi ila hewa ni chafu. Nikapanda bodaboda mpaka Matogoro, kwenye hewa ya msitu. (Siyo ya yule kijana. Huyo sitampanda tena.) Nimepiga picha mlima. Miti yote imeungana ikawa mti mmoja mkubwa sana. Nimekaa chini kwenye majani nikatamani kulia. Kesho ni sampuli. Pikipiki yangu ilikuwa nzima, ilikuwa inawaka kwa teke moja.

Ijumaa, 22 Agosti

Siku ya sampuli, mimi na Remmy sebuleni kwa Mzee Makarius. Nimeteleza kwenye kochi kwa sababu ya nailoni, nikajirudisha, nikateleza tena. Tumsifu Yesu Kristo, milele amina, shikamoo mzee, marahaba, kaeni.

Mpango ulikuwa tayari. Kabla mzee hajashika picha zangu, nimemweleza kwamba Dar siku hizi ukali wa picha ni ushamba. Watu wanataka ulaini, hasa kwa sakramenti. Mzee ametazama picha kwa muda. Akauliza ni mtoto wa nani huyu asiye na macho.

Remmy ameonesha zake. Kali, safi, za kamera ya solotepu. Nikasubiri anicheke. Hakucheka, na hilo limeniuma zaidi. Aliomba lenzi yangu, nami mbele ya mzee ningekataaje? Akaigeuzia dirishani. Akatia ukucha pembeni. Halafu akabandua nailoni, polepole, na ule mlio wake. Nimeusikia mpaka kwenye meno.

Akanirudishia, akasema ndugu yangu Amedeus, piga sasa.

Nimempiga Mzee Makarius. Loo. Mvi moja moja. Kovu la kidevuni. Mahali wembe ulipokosa leo asubuhi. Mzee ameitazama sana, akasema hajawahi kujiona hivyo, akasema kazi ni ya Amedeus, maana binti yake yumo na ni haki baba ampige mwanawe. Remmy akakubali. Akasema yeye atakuja kama msimamizi wa mpwa wake tu, ila kamera itakuwa kwenye mfuko, kwa lolote.

Kazi nimepata! Lakini nimerudi nyumbani nimechanganyikiwa. Nailoni nimeiokota, iko mfukoni mwa shati. Asubuhi nilikuwa na lenzi mpya. Sasa nina mtumba, na aliyeifanya mtumba ni mshindani wangu, mbele ya shahidi.

Jumamosi, 23 Agosti

Nimekaa nikachambua kwa akili, kama Muhsini alivyonifundisha. Kwa nini jana picha ilikuwa kali? Kwanza, dirisha la Mzee Makarius ni kubwa. Pili, nilikuwa nimevua miwani. Tatu, asubuhi nilisali. Ni kweli nailoni ilitoka muda huohuo, lakini mambo mengi hutokea muda mmoja.

Kesho kutakuwa na watu elfu, vumbi, ubani, na watoto tisini na sita wenye mafuta ya krisma kwenye paji la uso. Lenzi ikiwa uchi.

Leticia amekuta nailoni mfukoni alipokuwa anafua. Akaniambia niitupe, akaniambia mara mbili, ya pili akitumia jina langu la ubatizo lote. Nimeitika. Alipokwenda kisimani nimeirudisha kwenye kioo. Haikushika, kwa hiyo nimeweka gundi ile kali ya kuunganishia viatu na vikombe. Pembeni tu. Imetambaa kidogo kuelekea katikati.

Nimepiga picha moja ya majaribio, ya paka. Ina ukungu. Lakini paka mwenyewe ana manyoya.

Jumapili, 24 Agosti

Sitaki kuandika. Naandika.

Kanisa limejaa mpaka nje. Getruda alikuwa wa kumi na mbili. Alipanda ngazi taratibu, msimamizi wake kamshika bega, Askofu akachovya kidole gumba kwenye mafuta. Nimepiga mara kumi na moja. Nikatazama kwenye kioo cha nyuma ya kamera. Kulikuwa na kitu cheupe na kitu chekundu, na kofia ya Askofu na kichwa cha mwanangu vilikuwa kitu kimoja.

Nimekimbilia nyuma ya sakristia. Nimekwangua. Ukucha umekatika. Nimejaribu kufungua kioo chote, kumbe gundi imeingia kwenye nyuzi za kukizungushia, hakizunguki, na lenzi ya zamani nimeiacha studio. Nimerudi ndani, na Mzee Makarius ameniona uso. Amemgeukia Remmy akamfanyia ishara kwa kidevu, na Remmy akafungua mfuko.

Baada ya misa Getruda amekuja mbio, mafuta bado yanang'aa usoni, akaniuliza, baba, imetoka? Nimesema imetoka. Siku ya kipaimara cha mwanangu nimemdanganya mbele ya mlango wa kanisa. Nimeona aibu ambayo sikuwahi kuiona.

Jumamosi, 30 Agosti

Remmy amekuja nyumbani leo. Sikujua niuweke wapi uso. Ameleta picha kwenye bahasha, akakataa hata chai ya bure. Mpwa wake alikuwa nyuma ya Getruda kwenye mstari, kwa hiyo alikuwa amesimama karibu, akachomoa kamera mara moja, akaona abonyeze, akairudisha kwenye mfuko.

Ni Getruda. Amefumba macho. Kidole cha Askofu kiko pajini, mafuta yanashuka kidogo kuelekea nyusi, na kope zake unaweza kuzihesabu. Leticia amelia. Mimi pia, kidogo. Nimemshika Remmy mkono kwa mikono yote miwili nikamwambia nimejifunza, na nilikuwa namaanisha.

Alipoondoka nimekwenda mjini mwenyewe, kwa miguu, nikanunua fremu nzuri kuliko zote dukani, ya rangi ya dhahabu. Tumeweka picha, tumeipigilia ukutani mkabala na kochi, wote watatu tumesimama tukatazama. Getruda akasogea, akanyoosha ukucha kwenye kona ya kioo, palipojikunja nailoni.

Nimemdaka mkono hewani. Nimemweleza vizuri, bila hasira, kwamba hiyo haitoki. Akasema lakini baba, sijioni. Ni kweli, ukikaa kwenye kochi uso wake huuoni, unaona mng'ao wa taa kwenye nailoni tu. Nimemwambia asogee karibu.