Lakiri ya Wasafiri Waaminifu

Badawy alikuwa mwana wa Abdulhadi, na Abdulhadi mwana wa Athmani, na Athmani mwana wa Shee Bakari. Shee Bakari alishika mizani sokoni Mombasa, na mizani yake haikupata kupimwa upya, kwani hakuna aliyethubutu kuishuku. Athmani alikabidhiwa mikeka na mafuta ya msikiti. Abdulhadi, mwalimu, alirudisha serikalini hata vipande vya chaki. Uaminifu wa ukoo huo ulishuka kutoka kwa baba hadi kwa mwana karne nzima, ukavuka bahari, ukafika Minnesota umechoka. Na ulipomwona Badawy, ukaamua kupumzika.

Siku moja ya mwaka 2019 alimsindikiza mkewe Swafiya kwenye uwanja wa ndege wa Minneapolis. Swafiya alikuwa raia, na ndiye aliyemleta Badawy Marekani kwa ndoa. Kadi ya ukaazi ya Badawy ilikuwa imekwisha muda. Lakini serikali, kwa kukiri kwamba kazi zake huenda polepole, ilikuwa imempelekea barua ya kuirefusha. Kadi iliyokufa ikishikana na barua iliyo hai, mambo yalikwenda.

“Badawy,” alisema Swafiya penye kamba ya foleni za ukaguzi, “mdogo wangu Salwa yuaolewa Mombasa mwisho wa mwezi. Usipofika kwa miguu yako ukakaa mbele ya baba, nikirudi nisikukute. Na hiyo kadi mpya uingojayo, katafute mke mwingine wa kukutilia sahihi.”

“Nitafika, wallahi! Nitakosaje harusi ya shemegi?”

Swafiya akaingia katika foleni ndefu. Pembeni yake palikuwa na foleni fupi ya watu waliokwisha kuhojiwa na maafisa na kuitwa wasafiri waaminifu, wakipita na viatu vyao miguuni kama watoto wa mfalme. Nyuma ya Badawy bibi mmoja alishusha pumzi: “Sisi wa barua, pale watatupokea kweli?”

Mtu mwingine angesikia swali. Badawy alisikia riziki.

Jibu la kweli lilikuwa fupi: nenda kwenye mahojiano na kadi yako na barua yako, basi. Lakini ukweli haulipi kodi ya nyumba. Badawy akaenda dukani Roseville, akanunua stika za dhahabu zinazobandikwa kwenye vyeti vya watoto wa chekechea waliojua kufunga kamba za viatu, akaziita lakiri, yaani mihuri rasmi. Akatangaza kwamba barua isiyo na lakiri haikubaliki katika foleni ya waaminifu. Wateja wa kwanza aliwapata katika kitongoji cha Saint Louis Park, wakalipa na kushukuru. Kisha akaitwa Fridley, kwenye nyumba za kupanga, nako akamkuta Mama Perpétue, Mkongo mnene mwenye sauti ya kwaya, pamoja na wake na waume vijana walioletwa na wenzao raia. Kila mmoja alishika barua yake.

“Papa,” alisema Mama Perpétue, “minasikia ni weye unafunguliaka watu njia ya waaminifu.”

“Umefika penyewe, mamangu. Barua hizi zimelala. Lakiri ndiyo iziamshayo. Hapa juu, penye namba, ndipo ilipo roho ya barua.”

Akabandika moja, akabandika ya pili, akazibandika zote, na kila aliyebandikiwa akasema amina.

“Na ya kwako?” akauliza Mama Perpétue.

“Yangu?”

“Unaenda Mombasa, unatuambia. Yako imeamuka?”

“Onyesha, papa!” akapaza sauti Uwase, bi harusi mdogo kuliko wote. “Ama weye unapitaka kwa dirisha?”

Kicheko kikajaa chumbani. Badawy akajaribu kusema kwamba fundi hajishonei, lakini Mama Perpétue akatikisa kichwa.

“Kwetu, munganga anakunywa dawa ye wa kwanza. Bandika ya kwako. Tutakusindikiza ku aeroport. Ukipita tu, bahasha ya pesa iko yako penye kamba.”

Badawy akapiga hesabu ya haraka. Huyu bibi hata foleni za uwanja hazijui. Foleni yoyote atakayoingia ataiona ndiyo ya waaminifu. Akaitoa barua yake halisi, akaipiga stika ya dhahabu juu ya namba, kwa madaha ya kadhi anayefungisha ndoa.

Siku ya safari ilipofika, kwaya nzima ya kanisa la Mama Perpétue ilikuwepo uwanjani, katika mavazi meupe, ikiimba. Wakongo hawamsindikizi mtu kimya. Badawy alitembea mbele yao kama balozi mpaka kaunta.

Binti wa kaunta aliitazama kadi, akaitazama barua. “Nani amebandika hiki?”

“Ni lakiri.”

“Ya ofisi gani?”

“Ya... heshima.”

“Nahitaji namba iliyo chini yake.”

Badawy akakwangua kwa ukucha. Stika ikatoka vizuri sana. Namba nayo ikatoka pamoja nayo. Binti akamrudishia karatasi yenye tundu. “Pole, bwana. Kwa barua hii siwezi kukupandisha. Nenda ofisi ya uhamiaji wakupe nyingine, huchukua majuma.”

Harusi ilikuwa kesho kutwa. Mtu mwenye akili angelia. Badawy akageuka kufanya biashara.

“Mama Perpétue, msiba ni wetu sote! Zenu nazo zimeharibika. Nipeni hiyo bahasha nikazitengeneze upesi.”

“Zetu?” Mama Perpétue akawanyamazisha waimbaji kwa kidole. “Zetu ziko nyumba, ndani ya sanduku. Weye ulibandika fotokopi za rangi. Kesho tunaenda ku mahojiano. Afisa alishatuambia, leteni kadi na barua, ni vile tu.”

“Basi kwangu mlifuata nini?”

“Niyibizi wa Saint Louis Park ni mukwe wangu. Ya kwake ulibandika ya kweli. Mama yake wamemuzika Goma, ye akiwa hapa, anakwangua namba.”

Badawy akaikunja barua yake yenye tundu. Simu ikalia mfukoni mwake.

“Ushapanda ndege?” Ilikuwa sauti ya Swafiya. “Baba auliza.”

Mama Perpétue akateremsha kidole, na kwaya ikaanza wimbo wa kumpokea mwana mpotevu, sauti zote nne.

“Badawy,” akasema Swafiya polepole, “ni ndege gani hiyo yenye kanisa ndani?”

Sikieni, basi, enyi vijana, na acheni kucheka! Jina jema la babu halimvushi mjukuu mpakani. Kinachotolewa bure msikinunue, na msithubutu kukiuza. Kaeni wima, someni barua zenu kwa macho yenu wenyewe, na mtu akiwauliza ninyi ni wana wa nani, jibuni kwa matendo ambayo wazee wenu wangeyatia sahihi.