Ruhusa ya Kumwamsha Mkubwa

Idara ya Milango iliutangazia umma, kwa furaha isiyo na kifani, kwamba zama za kufungua mlango kwa mkono zimekwisha. Kuanzia Ijumaa milango yote ya jengo itafunguliwa na kibao cha kielektroniki kisichozidi biskuti kwa ukubwa, na atakayekutwa ameshika kitasa atahesabiwa kuwa anapinga maendeleo.

Mpika chai wa Idara alilisikia tangazo birika likiwa mkononi. Fundi wa kibao alikuwa binti yake, kibarua asiye na mkataba, na Mkurugenzi alikwishasema: uzinduzi ukifana ataajiriwa, ukienda mrama arudi alikotoka. Wenye watoto wanaujua usingizi wa mama wa namna hiyo.

Kibao kilikuja kitupu, hakijui hata kuwaka. Binti akaieleza kamati kwamba atakiflashi, yaani atakipakia programu kwa kebo kutoka kompyuta yake: kwanza butiloda, kiprogramu kidogo kinachoamka umeme ukiingia tu, kisha mfumo mkubwa unaoendesha milango. Butiloda ndiye humwamsha mkubwa.

Mkurugenzi akaweka kikombe chini.

"Yaani mkubwa amelala, mdogo anakuja kumwamsha?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Anabisha hodi?"

"Habishi. Anamwamsha tu."

"Na mdogo asipotaka?"

"Mkubwa haamki."

Wajumbe wakatazamana. Mmoja akafunga vifungo vya koti. Ilikuwa dhahiri kwa kila msomi kwamba taifa limenusurika.

Ikaundwa Kamati Ndogo ya Heshima ya Vifaa, ikala vitafunio, ikatoa maelekezo: butiloda asimwamshe mfumo kabla ya kuomba ruhusa kwa mfumo wenyewe, na kupewa.

"Mheshimiwa, aliyelala atatoaje ruhusa?" binti akauliza.

"Mtoto wewe, mimi nimetoa ruhusa ngapi nikiwa usingizini," akajibu Mkurugenzi, na hakuna aliyebisha, maana ilikuwa kweli.

Jikoni mama alimshika binti mkono. "Mwanangu, andika wanavyotaka. Mwenye nguvu mpishe."

"Mama, kibao hakitaamka."

"Kisiamke. Wewe upate kazi."

Binti akachomeka kebo, akaandika kama alivyoagizwa, akapakia. Butiloda akaamka, akaomba ruhusa, akakaa kusubiri kwa adabu. Kamati ikampongeza: haijapata kuona mtumishi mnyenyekevu kiasi hicho. Nanyi mnaofundisha watoto kunyamaza mbele ya wakubwa, mtazameni vizuri mtumishi huyo.

Ijumaa ikafika. Kibao kilikuwa kimefungwa ofisini kwa Mkurugenzi, chini kando ya mlango, kwa kuwa madaraka hayakai kwenye korido. Waziri akiwa njiani, Mkurugenzi akaingia peke yake, akausukuma mlango wa chuma nyuma yake, kufuli jipya lisilo na kitasa wala ufunguo likajibana, akawasha kibao. Mpango ulikuwa mlango umfungukie wenyewe, atokeze katikati ya makofi.

Makofi yakaanza. Yakaisha. Yakaanza tena kwa maelekezo ya mshereheshaji.

"Fundi," sauti ikatoka ndani, "mbona hakifungui?"

"Kinaomba ruhusa, mheshimiwa."

"Kwa nani?"

"Kwa aliyelala."

"Kiambie mimi nimeruhusu."

"Hakikutambui. Hukutajwa kwenye maelekezo ya kamati."

"Basi umefukuzwa kazi."

Ndilo neno mama alilokuwa akiliogopa, na sasa limekuja. Ajabu ni kwamba limekuja naye bado amesimama. Akatua sinia.

"Twende zetu nyumbani, mwanangu," akasema kwa sauti ya kufika ndani. "Aliyefukuzwa hagusi mali ya Idara."

"Ngojeni kwanza." Sasa sauti ilitokea chini, karibu na sakafu. "Kwani kuna njia gani?"

"Nipitishe kebo chini ya mlango," binti akasema. "Wewe uichomeke huku umebonyeza kile kitufe cha pembeni, mimi niflashi upya. Ila mimi si mfanyakazi."

Karatasi ikachungulia chini ya mlango: barua ya ajira ya kudumu, wino haujakauka. Mama, aliyeishia darasa la saba, akaisoma neno kwa neno, akairudisha kwa ncha ya kiatu.

"Haina mhuri."

Ikaja na mhuri. Akairudisha.

"Mhuri umeziba tarehe. Andika nyingine, na mwandiko usomeke."

Ya tatu akaikunja, akaitia kifuani. Kebo ikapita.

Waziri alipofika aliikuta Idara nzima imechuchumaa koridoni.

"Mkurugenzi yuko wapi?"

"Ndani, mheshimiwa," akasema mama. "Amelala kifudifudi, ameshika kitufe."

"Fundi," sauti ikauliza kwa unyonge, "niachie sasa? Kidole kimekufa ganzi."

Binti akamtazama mama yake. Taa ya kebo upande wa nje ilikuwa imegeuka kijani kitambo, yaani kuflashi kumekwisha. Mama akamimina chai, kikombe kimoja kwa Waziri, kimoja kwa fundi, akainama karibu na mlango.

"Bado, mheshimiwa. Endelea kusubiri hapo hapo. Suala lako linashughulikiwa."